Wajibu wa Kusema: Uhakiki wa Ushughulikiaji wa Hitilafu katika Lugha ya Programu ya Go

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna lugha ya programu ya Go inavyomtaka mtunzi wa programu ashughulikie hitilafu. Uhakiki umejikita katika mjadala uliodumu kuanzia mwaka 2018 hadi 2025, ambapo mapendekezo matatu ya kubadili sintaksia ya lugha hiyo yalitolewa na hakuna hata moja lililopita. Hoja kuu ni kwamba mjadala huo ulishughulika mno na urefu wa maandishi na kuliacha swali lililo la msingi zaidi: je, sarufi ya lugha inamlazimisha mtunzi kusema lolote kuhusu hitilafu, au inamshauri tu? Kwa kutumia dhana ya wajibu wa kisarufi kama ilivyoelezwa na Jakobson (1959), pamoja na mfano wa upatanisho wa ngeli katika Kiswahili, makala yanaonesha kwamba Go inatoza gharama ya uziada bila kutoa kinga inayotarajiwa kutokana na uziada huo. Aidha, yanajadili athari za jambo hilo katika uteuzi wa istilahi za Kiswahili.

Utangulizi

Lugha za programu zimezoeleka kuhakikiwa kwa vigezo vya kihandisi: kasi, matumizi ya kumbukumbu, wepesi wa kujifunza. Ni nadra kuhakikiwa kama lugha, yaani kama mifumo ya alama yenye sarufi inayoamua nini kinaweza kusemwa, nini hakisemeki, na nini hakiepukiki kusemwa. Kipengele hiki cha tatu ndicho kinachotushughulisha hapa. Jakobson (1959), akijadili tafsiri, alieleza kwamba tofauti kubwa baina ya lugha haimo katika yale zinayoweza kueleza bali katika yale zinayomlazimu msemaji kuyaeleza. Msemaji wa Kiswahili hawezi kutumia kitenzi kikuu katika sentensi ya kawaida bila kuonesha nani anatenda na kama tendo limekubaliwa au limekanushwa. Anaweza kuficha mambo mengi, lakini hayo hawezi.

Swali tunalouliza ni rahisi kulitaja: lugha ya programu inamlazimu mtunzi kueleza nini pale jambo linapokwenda kombo? Faili halipo, diski imejaa, mtandao umekatika katikati ya mazungumzo, namba iliyotarajiwa imekuja kama herufi. Matukio haya si ya ajabu, na kila programu itakayotumika kwa muda itakutana nayo. Hata hivyo, namna ya kuyatamka ni miongoni mwa mambo ambayo wabunifu wa lugha wamekosana zaidi kuyahusu kwa zaidi ya miaka 50.

Tumechagua Go kwa sababu mbili. Kwanza, ni lugha ambayo wabunifu wake, Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, walichukua msimamo wa wazi dhidi ya njia iliyokuwa imetawala wakati inatangazwa mwaka 2009. Pili, mjadala kuhusu msimamo huo umefanyika hadharani, kwa maandishi, na umefikia uamuzi. Mhakiki hapati mara nyingi bahati ya kusoma rasimu, pingamizi na hukumu za sarufi ambayo bado inatumika.

Usuli: kurusha, kudaka na kunyamaza

Katika lugha ya C, hitilafu haina hadhi yoyote ya kisarufi. Funksheni hurejesha namba, na kwa makubaliano namba fulani humaanisha kwamba mambo yameharibika. Makubaliano hayo yamo katika vitabu na desturi; kompaila haiyajui. Athari yake ilionekana wazi mwezi Februari 2014, ilipobainika kwamba programu ya Apple ya kuthibitisha miunganisho salama ilikuwa na mstari mmoja uliorudiwa kimakosa: amri ya kuruka hadi sehemu ya kutokea. Kwa kuwa mstari wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, programu iliruka kila mara, ikapita ukaguzi wa mwisho wa saini, na ikatoka ikiwa na kigeu cha hitilafu chenye thamani ya sifuri. Sifuri kwa desturi ya C maana yake ni kwamba hakuna tatizo. Sehemu iliyobeba jina la kushindwa ikatangaza mafanikio.

Njia ya pili ilikuwa kuipa hitilafu mkondo wake. Goodenough (1975) aliweka msingi wa kinadharia wa kile kilichokuja kuitwa eksepsheni, na Liskov na Snyder (1979) wakaonesha namna lugha ya CLU ilivyoitekeleza. Katika mkondo huu, sehemu inayokutana na tatizo huacha kazi na “kurusha” taarifa juu ya rundo la miito hadi ipatikane sehemu ya “kuidaka”. Uzuri wake ni kwamba maandishi ya kazi ya kawaida hubaki safi. Ubaya wake ni kwamba msomaji, akitazama mstari mmoja, hawezi kujua kama mtiririko utafika mstari unaofuata. Hoare, katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing wa mwaka 1980, aliitaja mbinu hii miongoni mwa vipengele vya hatari vya lugha iliyokuja kuitwa Ada.

Ada ndiyo iliyokuwa ndani ya roketi ya Ariane 5 iliyorushwa kutoka Kourou tarehe 4 Juni 1996. Tukio hilo hutajwa katika karibu kila kozi ya uhandisi wa programu, kwa kawaida kama kisa cha namba kubwa iliyoingizwa katika nafasi ndogo: thamani ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, haikutosha, eksepsheni ikatokea, na roketi ikaharibika chini ya dakika moja baada ya kuondoka. Usomaji huu ni sahihi lakini ni mfupi mno. Ripoti ya tume iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ina maelezo mawili ambayo kwa uhakiki wetu yana uzito zaidi. La kwanza ni kwamba kati ya vigeu saba vilivyokuwa na uwezekano wa tatizo hilo, vinne vilikingwa na vitatu viliachwa kwa makusudi, baada ya kutafakari. Lugha haikumlazimisha mtu kuandika uamuzi huo pale pale palipohusika. La pili ni la kutisha zaidi. Mfumo wa mwelekeo, baada ya kushindwa, ulituma kwa kompyuta kuu ruwaza ya uchunguzi, yaani maelezo ya hitilafu yenyewe, na kompyuta kuu iliyasoma maelezo hayo kana kwamba ni takwimu za safari. Roketi iligeuzwa njia kwa kutii ujumbe wa hitilafu.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba hitilafu ni thamani kama thamani nyingine.

Java, iliyotoka mwaka 1996, ilijaribu kurekebisha eksepsheni kwa kuongeza wajibu: eksepsheni za kundi fulani lazima zidakwe au zitangazwe katika kichwa cha funksheni, la sivyo programu haikubaliwi. Lugha kadhaa zilizofuata, zikiwamo C# na Kotlin, ziliukataa wajibu huo. Sababu zake tutazirudia baadaye, kwa kuwa ndizo pingamizi kubwa dhidi ya hoja yetu.

Msimamo wa Go

Go ilikataa kurusha na kudaka kama njia ya kila siku. Funksheni inayoweza kushindwa hurejesha vitu viwili kwa pamoja: thamani iliyoombwa na hitilafu. Kama mambo ni mazuri, hitilafu ni nil, yaani hakuna. Aina ya hitilafu yenyewe ni kiolesura chenye sharti moja tu: kitu hicho kiweze kujieleza kwa maneno. Pike, katika makala yake ya mwaka 2015, alisisitiza kwamba hitilafu ni thamani, na kwa hiyo mtunzi anaweza kuitumia kama thamani yoyote: kuihifadhi, kuilinganisha, kuipitisha mbele. Sambamba na hilo, Go ina panic kwa ajili ya hali ambazo programu yenyewe imekengeuka, mfano kusoma kipengele cha kumi cha orodha yenye vipengele vitano.

Matokeo yake ni mistari inayojulikana na kila aliyewahi kusoma Go:

if err != nil {
    return err
}

Mistari hii hurudiwa baada ya karibu kila wito unaoweza kushindwa. Funksheni yenye hatua sita za kazi inaweza kuwa na mistari kumi na minane ya aina hii. Hapa ndipo malalamiko yalipoanzia.

Kabla ya kuyafikia malalamiko hayo, ni haki kueleza faida ya urudiaji huu, kwa kuwa wakosoaji wengi hawaipi nafasi inayostahili. Mahali hitilafu inaporejeshwa ni mahali pa kuongeza maelezo. Tangu toleo la 1.13 la mwaka 2019, mtunzi anaweza kuifunga hitilafu ndani ya nyingine huku akibakiza ya awali, ili anayeipokea aweze kuifungua na kuuliza asili yake. Programu iliyoandikwa vizuri hutoa ujumbe unaosomeka hivi: kuandaa hesabu ya mwezi: kufungua daftari la wateja: faili halipo. Kila aliyepokea habari amesema alikuwa akifanya nini. Mfano ulio karibu zaidi katika utamaduni wa Waswahili ni isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa hadithi, ambao humwezesha msomaji kupima habari kwa kupima njia iliyopitia. Orodha ya rundo la miito inayotolewa na lugha za eksepsheni hutaja mahali peke yake, haisemi nia. Kwa msomaji wa pili, anayeamshwa usiku kutafuta chanzo cha tatizo katika programu asiyoiandika, tofauti hiyo si ndogo.

Mjadala wa 2018 hadi 2025

Mwezi Agosti 2018 timu ya Go ilitoa rasimu iliyopendekeza maneno msingi mawili, check na handle. La kwanza lingekagua wito, la pili lingeeleza cha kufanya wito ukishindwa. Rasimu hiyo ilionekana kuwa nzito. Mwaka uliofuata, Griesemer alikuja na pendekezo jepesi zaidi: funksheni moja ya ndani iitwayo try, ambayo ingerejesha hitilafu yenyewe bila mistari mitatu. Upinzani ulikuwa mkali, na pendekezo likaondolewa Julai 2019. Mwanzoni mwa 2025 ilijadiliwa rai ya Ian Lance Taylor ya kutumia alama ya kuuliza, inayofanana kwa sura na ile ambayo Rust iliipokea mwaka 2016. Nayo haikupata muafaka. Juni 2025 Griesemer aliandika kwa niaba ya timu kwamba kwa kipindi kinachoonekana mbele hawataendelea kutafuta mabadiliko ya kisintaksia kwa ajili ya hitilafu.

Ukizisoma hoja za pande zote, utaona kwamba zinakubaliana katika jambo moja bila kulitaja: tatizo ni wingi wa maneno. Wanaotaka mabadiliko wanasema urudiaji unaficha kazi halisi ya programu. Wanaoyapinga wanasema urudiaji unavumilika, kwamba vihariri vya kisasa vinaweza kuuandika vyenyewe au kuufunika, na kwamba jicho lililozoea huuruka. Pendekezo la try lilikosolewa kwa sababu lingeweza kuficha mlango wa kutokea ndani ya usemi, katikati ya mabano, ambapo msomaji hatarajii mlango. Hoja hiyo ni nzuri, na tunaona kwamba ndiyo iliyostahili kushinda. Lakini nayo ni hoja ya mwonekano.

Mzungumzaji wa lugha ya Kibantu ana sababu ya kulitilia shaka dai kwamba urudiaji ni kasoro. Chukua sentensi: Vitabu vyangu vile viwili vizuri vimepotea. Kiambishi cha ngeli kimejitokeza mara sita. Kwa kigezo cha ufupi, tano kati ya hizo ni hasara. Kwa kigezo cha mawasiliano, si hasara. Msikilizaji ambaye hakusikia neno la kwanza, kwa kelele za soko au kwa mkwaruzo wa redio, bado atajua kinachozungumziwa ni cha ngeli gani na ni kimoja au vingi. Uziada ni bima. Kiswahili kinalipa ada ya bima hiyo katika kila sentensi, na hakuna mtaalamu wa sarufi anayependekeza tuifute ili kuokoa wino.

Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba tungeitetea Go. Hapana. Ulinganisho huu ukisukumwa hatua moja mbele unageuka dhidi yake.

Urudiaji usio na wajibu

Upatanisho wa Kiswahili ni bima kwa sababu hauachwi kwa hiari. Atakayesema vitabu vyangu vile viwili mzuri kimepotea atasahihishwa na mtoto. Ukiukaji unasikika. Katika Go, kuacha kukagua hitilafu hakusikiki. Ni sentensi sahihi kisarufi. Tazama mistari hii:

faili, err := os.Open(njia)
maudhui, err := io.ReadAll(faili)
if err != nil {
    return err
}

Mtunzi amesahau kukagua baada ya mstari wa kwanza. Kompaila ya Go inasifika kwa ukali wake dhidi ya vigeu visivyotumika: ukitangaza kigeu na usikitumie, programu inakataliwa. Lakini hapa err imetumika, katika mstari wa tatu. Kwamba thamani yake ya kwanza ilifutwa na ya pili kabla ya kusomwa na yeyote, kompaila haina neno. Faili likikosekana, mstari wa pili utajaribu kusoma kitu kisichokuwapo na utarejesha hitilafu inayolalamikia hoja batili. Mhandisi atatafuta hoja batili. Ukweli, kwamba faili halipo, ulisemwa mara moja na ukafutwa.

Kuna namna nyepesi zaidi ya kunyamaza. Funksheni inayorejesha hitilafu peke yake inaweza kuitwa kama amri, bila kupokea chochote, na hakuna onyo. Kufunga faili baada ya kuliandikia ni mfano mashuhuri: katika baadhi ya mifumo ya kuhifadhi data, ni wakati wa kufunga ndipo inapojulikana kwamba maandishi hayakufika diskini. Desturi ya Go ni kuahirisha ufungaji kwa neno defer mwanzoni mwa funksheni, na katika maandishi mengi hitilafu yake hutupwa pamoja na amri. Hata Println, funksheni inayoandika salamu katika programu ya kwanza ya kila mwanafunzi, hurejesha hitilafu. Somo la kwanza la Go, kabla ya mwanafunzi kujua hitilafu ni nini, ni kuipuuza.

Tatizo la tatu limo katika jozi yenyewe. Vitu viwili vikirejeshwa pamoja, kila kimoja kikiweza kuwapo au kutokuwapo, hali ni nne. Mkataba wa kawaida unazitaka mbili tu: thamani bila hitilafu, au hitilafu bila thamani. Hali nyingine mbili zinabaki wazi kisarufi. Moja kati yake hutumika kihalali: funksheni ya kusoma inaruhusiwa kurejesha baiti kadhaa pamoja na taarifa kwamba mwisho umefika, na nyaraka zinamtaka mtumiaji azishughulikie baiti hizo kabla ya kuitazama hitilafu. Lakini kwa sehemu kubwa, jozi inamwachia mtunzi uwezo wa kuitumia thamani tupu kana kwamba ni jibu. Rust hufanya kinyume: hurejesha kitu kimoja ambacho ndani yake mna jibu au hitilafu, kamwe si vyote, na huwezi kulifikia jibu bila kukifungua. Msomaji anayeikumbuka Ariane 5 ataona uzito wa tofauti hiyo. Kompyuta kuu ya roketi isingeusoma ujumbe wa hitilafu kama mwelekeo wa safari iwapo aina ya kile ilichopokea ingeilazimu kwanza kuuliza ni kipi kati ya viwili.

Kwa muhtasari wa kisarufi: Go imeweka alama ya hitilafu mahali pengi kuliko lugha nyingi, lakini haikuifanya alama hiyo kuwa ya lazima mahali popote. Mtumiaji analipa ada ya bima na hapewi bima.

Pingamizi: wajibu huzaa unafiki

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii linatoka Java. Wajibu ulipowekwa, inadaiwa, watunzi waliutimiza kwa midomo tu. Walidaka eksepsheni na kuacha mabano matupu, au waliandika maelezo kwamba watashughulikia baadaye. Anders Hejlsberg, mbunifu wa C#, alitoa hoja ya namna hii mwaka 2003 alipoeleza kwa nini lugha yake haikufuata Java.

Ushahidi wa kitaalimu unaonekana kumuunga mkono. Yuan na wenzake (2014), wa Chuo Kikuu cha Toronto, walichunguza matukio 198 ya kushindwa katika mifumo mitano mikubwa ya kuhifadhi na kuchakata data, minne kati yake ikiwa imeandikwa kwa Java. Waligundua kwamba asilimia 92 ya maangamizi yalitokana na ushughulikiaji mbaya wa hitilafu ambazo zenyewe hazikuwa za kuangamiza na ambazo programu ilikwisha kuzitangaza waziwazi. Asilimia 35 yalitokana na mambo ya kipuuzi kabisa, yakiwamo mabano matupu na ahadi za baadaye.

Tunausoma utafiti huu tofauti. Sehemu yake isiyonukuliwa sana ni ile inayoeleza kwamba watafiti hao waliunda zana, Aspirator, inayotafuta makosa ya namna hiyo katika maandishi ya programu, na ikayapata. Iliweza kuyapata kwa sababu yaliandikwa. Mabano matupu ni unafiki, lakini ni unafiki wenye saini: upo katika mstari fulani, na mkaguzi anaweza kuuonesha kwa kidole. Vivyo hivyo, Cloudflare ilipopata hitilafu kubwa ya huduma tarehe 18 Novemba 2025, ripoti ya kampuni yenyewe iliweza kuonesha mahali katika programu ya Rust ambapo mtunzi aliandika unwrap, neno linalomaanisha kwamba anafungua bila kutarajia hitilafu. Wajibu haukuzuia anguko. Uliacha ushahidi.

Ukimya wa Go hauna saini. Ni kweli zipo zana za nje, kama errcheck inayotafuta hitilafu zilizotupwa na ineffassign inayotafuta thamani zilizofutwa kabla ya kusomwa. Kuwapo kwake kunathibitisha mambo mawili: kwamba jambo hili linaweza kugunduliwa na mashine, na kwamba jamii ya watumiaji inahisi pengo. Lakini sheria inayokaa nje ya sarufi humfikia yule tu aliyekwisha kujua kwamba anaihitaji.

Jibu la kawaida la watetezi ni ahadi ya upatanifu iliyotolewa na Go 1 mwezi Machi 2012: programu iliyokubaliwa jana lazima ikubaliwe kesho, na sharti la kupokea kila hitilafu lingevunja programu zisizohesabika, kuanzia na ile ya salamu. Jibu hili lilikuwa na nguvu zaidi kabla ya Februari 2024. Toleo la 1.22 lilibadili maana ya vigeu vya kitanzi, jambo zito kuliko onyo, na lilifanya hivyo kwa kuifungamanisha maana mpya na namba ya toleo ambayo kila mradi hujitangazia. Miradi ya zamani iliendelea na maana ya zamani. Njia hiyo hiyo inaweza kubeba sharti jipya: katika mradi unaojitangaza kuwa wa toleo fulani na kuendelea, hitilafu isiyopokelewa, au iliyofutwa kabla ya kusomwa, ikataliwe. Asiyetaka kuishughulikia aandike alama ya mstari wa chini ambayo Go inayo tayari kwa kazi ya kutupa thamani. Hakuna neno msingi jipya linalohitajika. Kwa Println ungewekwa msamaha, kama Rust inavyoziacha bila onyo thamani zisizobeba alama ya lazima.

Si jambo dogo kwamba pendekezo la namna hii lingeongeza maandishi badala ya kuyapunguza. Huenda ndiyo maana halikuwa kiini cha mjadala uliotawaliwa na wale waliochoshwa na maandishi.

Athari kwa istilahi za Kiswahili

Katika programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, maneno kosa na hitilafu hutumika kwa kubadilishana. Kwa mtumiaji wa simu hilo linaweza kuvumilika. Kwa mwanafunzi wa Go linapotosha, kwa sababu lugha hiyo imejengwa juu ya tofauti ambayo Kiswahili kinaijua vizuri.

Kosa lina mkosaji. Ni neno la mahakamani, la uwanja wa mpira na la chumba cha mtihani. Hitilafu, neno lenye asili ya Kiarabu lililobeba maana ya tofauti, halimtafuti mtu: moto ukizuka nyumbani, taarifa ya habari husema chanzo ni hitilafu ya umeme, na hapo hakuna aliyeshtakiwa bado. Tofauti hiyo hiyo imo katika adabu ya kila siku. Mtu akijikwaa mbele yetu tunamwambia pole ingawa hatukumsukuma. Tukimsukuma tunamwambia samahani. Faili kukosekana ni jambo la pole. Kusoma kipengele cha kumi cha orodha ya vitano ni jambo la samahani, na mwenye kuomba ni mtunzi.

Kwa msingi huo, tasnifu hii inatumia hitilafu kwa ile thamani ambayo Go hurejesha, na haitumii kosa mahali hapo kamwe. Kwa panic tumependekeza taharuki, kwa kuwa ni hali inayoenea kutoka mmoja hadi mwingine, kama inavyopanda juu ya rundo la miito. Na kwa recover tumechagua kutuliza, kwa sababu amri hiyo huisimamisha taharuki bila kurekebisha kilichoisababisha. Kihoro kilifikiriwa na kuachwa, kwani kinabeba huzuni ambayo mashine haina haja nayo. Neno kosa limebakizwa kwa jambo ambalo kompaila ya Go ya sasa hailitambui: mtunzi kuletewa hitilafu na kuiacha ipite bila kuandika lolote, hata ile alama ya mstari wa chini.